Kolo: Vilima Vyenye Walinzi Wengi

Vilima vya Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa kando ya barabara ya Dodoma–Arusha, vimefunikwa na miti ya miombo iliyoota katikati ya majabali makubwa. Penye jabali lililoinama kama paa, ukuta wa chini huwa na michoro. Michoro myekundu ndiyo ya kale zaidi: twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya duara. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya wawindaji na wachuma matunda. Wasandawe, ambao wangali wanaishi upande wa magharibi, walimweleza mtafiti Eric ten Raa miaka ya 1960 kwamba uchoraji wa miambani haukuwa jambo geni kwao. Michoro myeupe, iliyo mizito na mara nyingi imepakwa juu ya ile myekundu, ni ya baadaye, na inahusishwa na wakulima na wafugaji.

Mwanaakiolojia Louis Leakey alifika hapo mwaka 1935. Mwaka 1951 mkewe, Mary, alikaa miezi kadhaa akinakili picha kwa karatasi angavu, kazi iliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1983. Picha moja ya Kolo ingali inabishaniwa: mtu wa katikati ameshikwa mikono na watu wa pande mbili. Mary Leakey aliona mwanamke anayenyang'aniwa. Wengine wanaona ngoma ya kupandisha maruhani, na rai hii ina nguvu zaidi, kwa kuwa Wasandawe wenyewe wanayo ngoma ya namna hiyo, simbo.

Serikali ya kikoloni ililinda michoro kwa sheria ya mambo ya kale ya 1937, lakini ardhi iliyoizunguka iliendelea kuharibika. Pori lilikuwa limefyekwa ili kufukuza mbung'o, mifugo ikaongezeka, na mvua ikachimba makorongo ya kutisha. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, uliochimba makingamaji na kupanda miti. Kwa kuwa hayo hayakutosha, mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka zaidi. Miti ilirudi upesi kuliko ilivyotarajiwa. Gharama waliilipa wafugaji, waliokosa maziwa na samadi hadi ng'ombe wa kufugwa zizini waliporuhusiwa miaka ya baadaye.

Warangi, wenyeji wa Kondoa, nao hawakungoja sheria ya mtu ili kulinda vilima hivi. Mungumi wa Kolo ni mahali pao pa kuomba mvua na kutafuta uponyaji, na pombe na nyama za tambiko hutolewa papo hapo penye michoro. Wataalamu wa uhifadhi waliona humo hatari ya kuchafua picha. Hata hivyo, UNESCO ilipoiandikisha Kondoa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, tambiko hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya thamani ya mahali. Hatari kubwa zaidi imetoka kwa wasaka hazina: wanaoamini kwamba Wajerumani, waliofurushwa Kondoa mwaka 1916, walifukia dhahabu humo, wamechimba mashimo chini ya miamba na kuvuruga tabaka za udongo ambazo wanaakiolojia walizihitaji.

Mgeni huanzia ofisi iliyoko kijijini Kolo, akalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Mwisho wa njia ya gari hupanda kwa miguu, na sehemu ya mwisho ina mwinuko mkali.