Walt Aliyechorwa na Walt

Tarehe 14 na 15 Septemba 2015, televisheni ya umma ya Marekani, PBS, ilirusha filamu ya makala ya saa nne juu ya Walt Disney. Iliongozwa na Sarah Colt, ikatoka katika mfululizo wa American Experience, ambao watu wameuzoea kwa visa vya marais na vita. Watazamaji hawakuafikiana. Waliokulia mbele ya katuni zake waliona mzee wao anavuliwa nguo hadharani: kwa nini mgomo wa wafanyakazi wake upewe muda wote ule, kwa nini ukali wa baba yake uchimbuliwe hivyo? Wengine walidai wamepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba ubaguzi wa rangi na chuki ya Walt kwa vyama vya wafanyakazi viliguswa juu juu tu. Kundi la tatu, la wachora katuni na wanahistoria wao, lilikuwa na lalamiko dogo lakini zito zaidi. Saa nne zimepita, walisema, na bado hatujaonyeshwa vizuri jinsi mchoro unavyopata uhai.

Mimi niko na hao wa tatu. Hata hivyo makundi yote yalikuwa na jambo moja wasilolitaja. Walt waliyemtetea au kumshambulia alikuwa ameshachorwa zamani, na mchoraji wa kwanza alikuwa Walt mwenyewe.

Alizaliwa Chicago mwaka 1901, akakulia Marceline na Kansas City, jimboni Missouri, ambako alisambaza magazeti alfajiri kwenye theluji kwa amri ya baba yake, Elias. Kampuni yake ya kwanza kubwa ilifilisika mwaka 1923. Akahamia Hollywood, akafungua studio na kaka yake Roy. Mwaka 1928 akanyang'anywa sungura wake, Oswald, na msambazaji aliyekuwa na haki zote mkononi. Hapo ndipo alipozaliwa Mickey Mouse. Hadithi inayopendwa husema Walt alimbuni panya huyo ndani ya garimoshi akirudi nyumbani amevunjika moyo. Huenda. Ila aliyemchora, aliyeketi akatoa michoro mamia kwa siku hadi filamu ikakamilika, ni Ub Iwerks, rafiki yake wa tangu Kansas City. Jina la Iwerks limo katika filamu za mwanzo za Mickey. Kwa watoto waliojaza majumba ya sinema halikuwa na maana yoyote.

Wala Walt hakuwa wa kwanza. Émile Cohl alishachezesha michoro Paris mwaka 1908. Winsor McCay alimtembeza dinosaria wake Gertie mwaka 1914. Quirino Cristiani alitengeneza katuni ndefu Argentina mwaka 1917, na Lotte Reiniger alikata karatasi nyeusi kwa mkasi hadi ikawa filamu nzima, Ujerumani, mwaka 1926. Snow White ilipooneshwa kwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1937, upya wake ulikuwa kwingine: rangi, sauti, kina cha picha, na ukumbi uliojaa watu wazima waliowalilia vibete wasiokuwapo. Kabla ya usiku ule Hollywood iliita kazi hiyo upumbavu wa Disney. Iligharimu kama dola milioni 1.5, na faida yake ndiyo iliyojenga studio mpya ya Burbank.

Huko Burbank mambo yakaharibika. Pinocchio na Fantasia, zote za mwaka 1940, hazikurudisha fedha, kwa kuwa vita vilikuwa vimefunga soko la Ulaya. Wachoraji wachache walilipwa vinono. Wasichana wa kutia wino na rangi walipata dola chache kwa wiki, na barua ya studio ya mwaka 1938 ilimwambia wazi mwombaji mmoja wa kike kwamba kazi ya ubunifu ni ya vijana wa kiume. Art Babbitt alikuwa kati ya waliolipwa vinono. Yeye ndiye aliyempa Goofy mwendo wake wa kizembe, akamchora malkia mwovu wa Snow White, na akawachezesha uyoga katika Fantasia. Angeweza kunyamaza. Badala yake alijiunga na chama, akawa kiongozi, akafukuzwa kazi, na tarehe 29 Mei 1941 mamia ya wafanyakazi wakasimama langoni na mabango. Siku moja Babbitt alimwita Walt kwa kipaza sauti mbele ya wote, Walt akashuka garini na koti akivua, nusura wakamatane mashati.

Sasa tazama kilichotoka kwenye majumba ya sinema mwezi uliofuata. Mnamo Juni 1941, mgomo ukiwa bado mbichi, studio ilitoa The Reluctant Dragon, ambamo mchekeshaji Robert Benchley anazungushwa Burbank chumba kwa chumba na kila mfanyakazi anatabasamu. Baadhi ya "wafanyakazi" hao walikuwa waigizaji wa kukodi. Nje ya ukumbi, wafanyakazi halisi walikuwa wamesimama na mabango. Kwangu mimi hiyo ndiyo makala ya kwanza juu ya Walt Disney, na ndiyo iliyozizaa nyingine zote.

Walt akaondoka kwenda Amerika Kusini kwa safari iliyodhaminiwa na serikali, na mgomo ukamalizwa nyuma yake kwa masharti ya chama. Hakusamehe. Oktoba 1947 alikwenda mbele ya kamati ya Bunge jijini Washington akaueleza mgomo ule kuwa njama ya Wakomunisti, na akataja watu kwa majina.

Televisheni ndiyo iliyomsafisha. Kuanzia tarehe 27 Oktoba 1954 aliingia sebuleni kwa Wamarekani kila wiki kupitia ABC, na suti yake ya kijivu na sauti ya mjomba asiye na haraka. Fedha za kituo hicho zilisaidia kujenga Disneyland, iliyofunguliwa Julai 1955 mbele ya kamera, lami ikiwa bado laini kiasi cha kunasa visigino vya viatu vya wanawake. Mwaka huohuo, katika kipindi chake juu ya historia ya katuni, alimrudisha Gertie wa McCay kwenye kioo. Nampa haki yake: hakuna aliyemshurutisha kumtaja mtangulizi wake mbele ya taifa zima.

Alitengeneza pia makala za wanyama. Kwa moja ya mwaka 1955, The African Lion, mume na mke, Alfred na Elma Milotte, walifuatana na simba wa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka miwili. Nyingine, White Wilderness ya mwaka 1958, ilipata tuzo ya Oscar. Watazamaji waliamini walichokiona humo: panya wadogo wa nchi za baridi wakijitosa baharini kwa hiari yao. Miaka 24 baadaye waandishi wa televisheni ya CBC ya Kanada walifichua kwamba panya wale walinunuliwa, wakapelekwa Alberta, mkoa usio na bahari, kisha wakatumbukizwa mtoni mbele ya kamera. Haijulikani kama Walt alijua. Imani ile kuhusu panya, hata hivyo, ipo hadi leo.

Alifariki tarehe 15 Desemba 1966 kwa saratani ya mapafu, jina likabaki kazini. Hapo ndipo wengi hupotea njia. Wapo kwetu wanaodhani Walt ndiye aliyemtengeneza Simba, mfalme mtoto wa filamu ya mwaka 1994, ilhali alikuwa amefariki zaidi ya miaka 27 nyuma. Na "hakuna matata", maneno yetu ya kila siku yaliyoimbwa katika filamu hiyo, yakasajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara ya kampuni, jambo lililowasha hasira na saini nyingi mwaka 2018. Waliosaini walimlaumu Disney. Disney yupi?

Vitabu vilifuata mkondo huohuo: Richard Schickel akambomoa mwaka 1968, Bob Thomas akamjenga upya mwaka 1976, Neal Gabler akatafuta katikati mwaka 2006. Bintiye, Diane, alitoa makala yake mwaka 2001 kumwonyesha baba aliyemjua nyumbani. Januari 2014 Meryl Streep alimshutumu jukwaani kwa kuwabagua wanawake. Floyd Norman, mchoraji mweusi aliyefanya kazi chini ya Walt, akajibu kwamba huyo siye bosi aliyemfahamu. Basi PBS ilipoingia mwaka uliofuata, ilikuta uwanja umeshajaa mashabiki wa pande zote, kila mmoja na Walt wake kifuani.

Kosa la filamu ya Colt si ukali wala upole. Ilimfuata bosi mlango hadi mlango ikamuuliza yeye ni nani, swali ambalo Walt mwenyewe alikuwa amelijibu kila wiki kwa miaka 12 mbele ya kamera. Yumo humo Ruthie Tompson, mzaliwa wa 1910, aliyeingia studio kama msichana wa wino na rangi. Kila anapozungumza, mtu anatamani waachane na maprofesa wamsikilize yeye usiku kucha.

Ukiipata, itazame, kisha utafute ngoma ya uyoga katika Fantasia. Haizidi dakika mbili. Mchoraji wake, Art Babbitt, alirudi studio baada ya vita kwa nguvu ya sheria, akaondoka tena mwaka 1947. Kampuni ilimtangaza kuwa mmoja wa magwiji wake mwaka 2007, miaka 15 baada ya kifo chake.