Mafuriko ya Voi Huanzia Dawida

Wakati wa kiangazi mgeni anaweza kupita mji wa Voi asijue kwamba amevuka Mto Voi. Chini ya daraja ni mchanga mtupu, na vijana wenye sepetu wakipakia lori. Lakini mvua ikipiga kutwa huko juu Dawida, kwenye Milima ya Taita, mto huohuo huingia mjini ukiwa mwekundu, umebeba magogo na mizizi, na pengine Voi kwenyewe jua linawaka. Huko milimani, kilele cha Vuria kina zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Mji uko karibu mita 600. Maji yanayoporomoka hivyo hayampi mtu nafasi ya kuokoa hata godoro.

Mji huu umezaliwa na reli. Ilipita hapa mwishoni mwa karne ya 19 ikielekea Uganda, na mwaka 1915 Waingereza wakachepusha njia ya kijeshi hadi Maktau ili wapigane na Wajerumani. Njia panda ikaleta soko, soko likaleta mitaa. Wakati huo mkonge ulikuwa ukimeza mashamba, na mwaka 1948 Tsavo ikatangazwa kuwa mbuga. Leo mbuga zimeshika zaidi ya asilimia 60 ya Kaunti ya Taita Taveta. Anayemlaumu mtu kwa kujenga kandokando ya mto aitazame kwanza ramani ya kaunti hiyo.

Mafuriko yenyewe si mapya. Mwaka 1961, baada ya ukame ulioua vifaru wengi Tsavo, mvua za vuli zilipita kiasi. Mwaka 1997 El Nino ikakata barabara ya Mombasa. Vuli za 2019 na 2023 nazo zikafurika. Katika miaka yote hiyo minne, Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida, jambo linaloongeza mvua.

Hata hivyo, bahari isibebeshwe lawama zote. Msitu wa asili wa Dawida umebaki vipande vipande, kama Ngangao na Chawia, na mteremko usio na miti hauzuii kitu. Bwawa la Aruba, lililojengwa kwenye Mto Voi mwaka 1952 ili wanyama wapate maji, limejaa tope. Tope hilo lilikuwa shamba la mtu.

Maji yakishapungua, kazi ngumu ndiyo inaanza: kukomba matope sakafuni kwa jembe, kuanika madaftari ya watoto juu ya mabati, kufukua choo kilichofukiwa. Msaada wa unga na blanketi huja, kisha familia hurudi palepale kwa sababu hazina kiwanja kingine. Zinachohitaji ni viwanja vyenye hati mbali na mto, na simu kutoka Wundanyi, huko juu milimani, mvua inapoanza kumwagika, kabla maji hayajafika bondeni.