Baraza: Mahali pa Kusikilizwa au pa Kutangaziwa?

Neno baraza limesafiri safari ndefu. Katika miji ya mwambao kama Lamu na Mombasa, baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, ambapo mgeni hupokewa na majirani huketi kuzungumza. Hapo mwenyeji na mgeni hukaa kimo kimoja. Lakini Mkenya wa bara akitajiwa baraza, huona akilini mwake uwanja, meza ya chifu, na umati ulioketi nyasini ukingoja kuambiwa. Insha hii yakusudia kulichunguza badiliko hilo, kwa kuwa ndani yake mna swali kubwa la siasa yetu: je, raia huitwa ili asikilizwe, au ili atangaziwe?

Chanzo cha badiliko hilo ni utawala wa kikoloni. Kwa sheria ya mwaka 1902, serikali ilijipatia wakuu wa vijiji iliowateua yenyewe, nao wakawajibika kwa aliyewateua. Baraza likawa mahali pa kutangazia kodi na amri. Mwaka 1924 ilipitishwa sheria ya kuunda mabaraza ya wenyeji katika wilaya. Wajumbe Waafrika waliweza kusema humo, lakini kiti kilikaliwa na mkuu wa wilaya, Mzungu.

Mfano ulio wazi zaidi ni Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter kuanzia mwaka 1932. Wajumbe wake walikuwa watatu, na hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Tume hiyo ilipokea maoni mengi mno, hata ushahidi ukajaza majuzuu matatu. Wazee walieleza mipaka ya mashamba yao na jinsi walivyoyapoteza. Hata hivyo, ripoti ya mwaka 1934 ilipendekeza haki za Waafrika katika ardhi iliyokuwa nje ya maeneo waliyotengewa zifutwe, na mwaka 1939 Nyanda za Juu za Wazungu zikawekewa mipaka ya kisheria. Kwa hiyo haifai kudhani kwamba wingi wa maoni ni dalili ya kusikilizwa. Wazee wale waliulizwa, wakajibu, na majibu yao yakachapwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma.

Uhuru haukulimaliza jambo hili. Mnamo Julai 1974 Rais Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike Bungeni, na wabunge wakaanza kujadiliana kwa lugha inayoeleweka na wapiga kura wao. Lakini miswada yenyewe iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na mwaka 1979 Kiingereza kikaruhusiwa tena katika mijadala. Mjadala uliweza kuwa wa Kiswahili, ilhali jambo lililojadiliwa lilibaki katika lugha nyingine.

Tume ya kurekebisha Katiba chini ya Yash Pal Ghai ilijaribu njia tofauti. Mwaka 2002 ilizunguka majimbo ya uchaguzi ikikusanya maoni, nayo yakazaa rasimu iliyojadiliwa Bomas mwaka 2003 na 2004. Rasimu hiyo ilipobadilishwa baadaye na kupelekwa kwa wananchi, waliikataa katika kura ya maoni ya Novemba 21, 2005. Katiba waliyoikubali Agosti 4, 2010 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika kifungu cha 10, na katika kifungu cha 118 inalilazimu Bunge kuuwezesha. Tangu hapo maoni ya raia si hisani ya mtawala tena.

Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulionyesha umbali uliobaki. Kamati ya Bunge iliyapokea maoni, lakini wengi waliona kwamba hayakuzingatiwa. Vijana wakautoa mswada huo katika Kiingereza cha wanasheria, wakaufafanua mitandaoni kwa Kiswahili na lugha nyingine za nchi. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni na watu wakauawa. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Ni msiba kwamba jibu lilipatikana kwa damu, ilhali Katiba ilikuwa imeweka mlango wa amani.

Wapo wasemao kwamba lugha ya sheria haitafsiriki kwa urahisi. Hoja hii haina nguvu, kwa maana Katiba yenyewe imetafsiriwa kwa Kiswahili, na kifungu cha 7 kinakifanya kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Kwa maoni yetu, yatakiwa mambo mawili: kila mswada utolewe kwa Kiswahili siku ile ile utolewapo kwa Kiingereza, na kila kamati iwaeleze wananchi ni maoni gani iliyakubali, yapi iliyakataa, na kwa nini. Kazi ya kwanza yatuhusu sisi wa idara za lugha moja kwa moja. Tusipoifanya, tusishangae raia akiendelea kuketi nyasini, akingoja kuambiwa.