Lango ‘sikivu’, si ‘nyeti’: Historia ya thairista na funzo lake kwa istilahi

WAUNDAJI istilahi hupenda kuanzia kwenye kamusi. Katika makala ya leo, nanuia kuonyesha kwamba wakati mwingine ni heri kuanzia kwenye historia ya kitu chenyewe. Mfano wangu ni thairista, swichi ya silikoni isiyo na kitufe. Huwashwa kwa umeme mdogo unaopitishwa kwenye mguu wake mmoja uitwao lango.

Kabla yake kulikuwa na thairatroni, chupa ya kioo iliyojazwa gesi. Jina hilo lina asili ya neno la Kigiriki ‘thyra’, yaani mlango. Mnamo 1957, wahandisi wa General Electric nchini Marekani, wakiongozwa na Gordon Hall, waliunda kifaa cha silikoni cha kufanya kazi hiyo, wakijenga juu ya utafiti wa maabara za Bell. Kampuni ilikiita SCR. Jina ‘thairista’ lilikuja baadaye, likiunganisha thairatroni na transista. Basi tunaposema ‘lango’, hatujapotoka. Tumerudi kwenye mzizi.

Mlango huu una tabia yake. Ukishafunguka, hubaki wazi hata aliyebisha hodi akienda zake. Hufungika tu mkondo mkuu unapopungua kupita kiasi. Baadhi ya thairista hutaka kubishiwa kwa nguvu. Nyingine, kama C106, hufunguka kwa mikroampea zisizozidi 200, yaani moja ya tano ya miliampea, kisha zikapitisha hadi ampea 4. Ndiyo maana hufaa kwenye kengele za usalama na vifaa vingine ambavyo ishara yake ni hafifu.

Waingereza huliita lango la aina hii ‘sensitive’. Hapo ndipo kamusi huponza. Mfasiri mwenye haraka ataandika ‘lango nyeti’. Lakini ‘nyeti’ kwetu ni jambo la siri au la kushughulikiwa kwa hadhari: suala nyeti, sehemu nyeti. Mwanafunzi wa ufundi ataogopa kuligusa, ama atacheka tu. Mimi napendekeza ‘lango sikivu’, kwa sababu kazi yake ni kusikia sauti ndogo.

Isitoshe, jina hilo linabeba onyo. Mwenye masikio mepesi husikia hata asiyoitiwa. Joto, au volti zinazopanda ghafla, zaweza kufungua lango sikivu bila amri, kengele ikalia usiku na mwizi hayupo. Kwa hivyo wahandisi huweka rezista, mara nyingi ya kiloomu 1, kati ya lango na kathodi ili kuondoa vijimkondo hivyo vya kupotea. Anayejua kwamba lango linasikia ataelewa mara moja rezista hiyo ni ya nini. Aliyeambiwa ni nyeti, je?

Wapo watakaosema tutohoe kila kitu, tumalize. Sina ugomvi na utohozi. ‘Thairista’ yenyewe nimeitohoa. Ila neno linaloeleza kazi ya kitu lafaa kutafsiriwa na mtu aliyekwisha kuuliza kitu hicho hufanya nini. Kabla ya kufungua kamusi, hebu tumuulize fundi.