Borrow au lend? Rob au steal? Ung'eng'e unapotuvuruga

Leo siasa tuiweke pembeni tuongelee ung'eng'e, maana barua nzuri ya kuomba kazi inaweza kuharibika kwa kitenzi kimoja tu.

Wengi wetu daftari la msamiati lilikuwa na mstari katikati, Kiingereza huku, Kiswahili kule. Ukiandika "borrow" ni kuazima, halafu chini yake "lend" ni kuazima, tayari umejitega mwenyewe.

Kuazima ndio baba lao kwa kuchanganya. Ukisema "nimeazima kalamu kwa Juma" wewe ndio umepokea. Ukisema "Juma ameniazima kalamu" Juma ndio katoa. Kitenzi kile kile kinaenda pande zote mbili. Kiingereza kimegawa kazi, anayepokea ni "borrow", anayetoa ni "lend". Kwa hiyo "Can you borrow me your pen?" si sahihi, japo mtaani tunaisikia kila siku. Sema "Can you lend me your pen?" au "Can I borrow your pen?" Dawa yake usitumie kuazima kabisa kwenye daftari. Andika "borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha. Benki inakopesha, wewe unakopa, hapo hata ukiamshwa usiku hukosei. (Ajabu ni kwamba kwenye nyumba mambo yanageuka. Sisi tuna kupanga na kupangisha, wao mpangaji na mwenye nyumba wote wanaweza kutumia "rent".)

Lililonitoa jasho mimi ni kuibiwa. Niliporwa simu stendi, nikaingia cafe kumwandikia bosi wangu mzungu e-mail: "I was stolen at the bus stand." Nikimaanisha nimeibiwa. Yeye kaelewa mimi mwenyewe ndio nimeibwa! Akapiga simu, haipatikani, akaamini kweli nimetekwa. Kesho yake nafika kazini nakuta watu wanajiandaa kwenda polisi.

Iko hivi: "steal" inafuatwa na kitu, "rob" inafuatwa na mtu au mahali. "They stole my phone." "They robbed me." "They robbed the bank." Halafu "rob" mara nyingi ina vitisho au nguvu ndani yake, kwa hiyo kama umechomolewa mfukoni bila kujua, "My phone was stolen" inakutosha.

Mashabiki wa mpira, hili lenu. Kushinda kuna "win" na "beat". Unashinda mechi au kombe, hiyo "win". Unamshinda mtu au timu, hiyo "beat". Mei 2012 "Simba beat Yanga 5-0", na Novemba 2023 "Yanga beat Simba 5-1" (nimeweka zote mbili, msianze kunitukana). Ukiandika "Simba won Yanga" ni kama vile Yanga ilikuwa zawadi ya bahati nasibu.

"Say" na "tell" zinasumbua bure tu, maana Kiswahili kinakupa jibu. "Say" ni kusema, "tell" ni kuambia. Huwezi kusema "nimeambia" ukaishia hapo, lazima useme umemwambia nani. "Tell" ni hivyo hivyo, "He told me", bila "to" katikati. Ila "say" inaitaka hiyo "to", yaani "He said to me". Angalizo moja, kusema ukweli ni "tell the truth", hiyo meza kama ilivyo.

Kusikia nako kuangalie. Sisi tunasikia sauti, njaa, baridi na harufu. Kwao sauti ni "hear", baridi ni "feel", harufu ni "smell", na njaa ni "I am hungry" tu.

"Bring" na "take" ni kuleta na kupeleka, "remember" na "remind" ni kukumbuka na kukumbusha. Hizo hazina shida.

Ukiwa na wasiwasi fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza. Ile Oxford Advanced Learner's Dictionary, aliyoianzisha A. S. Hornby, iko bure kwenye intaneti. Usiishie kwenye maana, soma sentensi za mfano, na kwenye daftari nakili sentensi nzima, sio neno peke yake.

Kama kuna pacha wengine wanakuchanganya watupie hapo chini. Mie bado napigana na "do" na "make", nikizielewa nitarudi.