Johannes Fabian na Kiswahili cha Wafanyakazi wa Kolwezi

Mwaka 1966 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, mzaliwa wa Ujerumani, alifika Katanga kuichunguza Jamaa, harakati ya Kikatoliki iliyoanzishwa na Padre Placide Tempels miongoni mwa wafanyakazi wa migodi ya Kolwezi. Wafuasi wake walifundishana kwa maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Maneno hayo, ingawa ni ya kila siku, yalibeba nadharia kamili; kuyafahamu kulimlazimu mtafiti kuketi na wenyewe na kuzungumza nao.

Funzo hilo liliongoza kazi zake za baadaye. Mwaka 1983 aliwalaumu wanaanthropolojia wenzake kwa kuwaandika watu waliozungumza nao kana kwamba wanaishi katika zama nyingine. Mwaka 1986 alionyesha jinsi wakoloni walivyokifanya Kiswahili chombo cha kuwaamrisha wafanyakazi. Mwaka 1990 akachapisha historia ya Elisabethville, iliyotungwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili hichohicho: walioamrishwa kwa lugha hiyo walikuwa wameigeuza kuwa sauti yao.

Kasulo, mtaa wa Kolwezi, ulivuma duniani baada ya kobalti kugunduliwa chini ya nyumba za wakazi mwaka 2014. Mwaka 2017 sehemu yake ilizungushiwa ukuta na kaya nyingi zikahamishwa. Kuhesabu tani za madini hakutoshi kueleza mageuzi hayo. Anayetaka kuandika juu ya maendeleo ya Kasulo hana budi kuanzia kwenye maneno ambayo wachimbaji wenyewe huyatumia kuitaja kazi yao, hasara yao na haki yao.