Mtama wa Mururu na Pombe Iliyouokoa

Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa Mwami Yuhi V Musinga kwenye kiti cha ufalme wa Rwanda, wakamhamishia Kamembe, pembeni kabisa mwa nchi, jirani na vilima vya Mururu. Alikaa huko hadi 1940, alipovushwa kwenda Moba, Kongo. Lakini miaka sita kabla ya kung'olewa alikuwa amekwisha kunyang'anywa Umuganura, sherehe ambayo mwami alionja mtama na ulezi wa mavuno mapya kwa niaba ya nchi nzima. Mwaka 1925 Gashamura, mkuu wa watunza siri za ibada za ufalme, alifukuziwa Burundi, na sherehe ikafutwa.

Ilifutwa ikulu. Majumbani mambo yalikuwa mengine, maana familia nazo zilikuwa na umuganura wao: watoto waliokwisha kujitegemea waliwapelekea wazazi sehemu ya mavuno, wakala na kunywa pamoja. Mururu, kwa vyovyote, ilikuwa mbali na ikulu. Iko Kinyaga, eneo lililobanwa sawasawa na utawala wa kati katika enzi za Kigeri IV Rwabugiri, aliyefariki 1895, na ambalo kwa miaka mingi lilizoeana zaidi na watu wa kisiwa cha Ijwi katika Ziwa Kivu, na wa Bushi, ng'ambo ya mto Ruzizi. Na nafaka zenyewe ni kongwe kuliko mwami yeyote. Huko Kabusanze, upande wa Huye, wanaakiolojia wamefukua punje za mtama na ulezi za karibu mwaka 400.

Wapinzani wa mtama walikuja mmoja mmoja. Wamisionari Wakatoliki walifungua misheni ya Mibirizi mwaka 1903, si mbali na Mururu, na mibuni iliyopandwa huko ikawa maarufu hata aina moja ya kahawa inaitwa Mibirizi mpaka leo. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ikawalazimisha wakulima kupanda kahawa. Baada ya njaa ya Rwakayihura ya 1928 na 1929, iliyouma zaidi mashariki mwa nchi, ikawalazimisha pia mihogo na viazi vitamu, mazao ya kuzuia njaa. Mihogo ilipata rafiki mkubwa: Bukavu, mji unaokula bugali, yaani ugali wa mihogo, kila siku, uko hapo ng'ambo ya mto.

Kisha ikaja 2007. Serikali ilianzisha mpango wa kuongeza mavuno kwa kuunganisha mashamba na kusambaza mbegu na mbolea. Mazao yaliyopewa kipaumbele yalikuwa mahindi, ngano, mpunga, viazi mviringo, maharage na mihogo. Mtama haukuwamo. Miaka michache baadaye serikali hiyohiyo ikaufufua Umuganura kama sikukuu ya taifa, Ijumaa ya kwanza ya Agosti: mtama ukatukuzwa jukwaani baada ya kusahauliwa kwenye orodha ya mbegu.

Hata hivyo haukutoweka, na kilichouokoa ni pombe kuliko sherehe. Mtama mwekundu una tanini nyingi, na uchungu wake huwachukiza ndege. Kwa mwenye kipande kidogo cha shamba, asiye na mtoto wa kushinda akiwafukuza, hiyo ni faida kubwa. Uchungu huohuo, lakini, huharibu ugali, kwa hiyo sehemu kubwa ya mavuno hugeuzwa kimea. Punje hulowekwa, hufunikwa zichipue kwa siku chache, kisha huanikwa juani na kusagwa. Katika nyanda hizi, hadi Kigezi nchini Uganda, wapo wanaozichanganya kwanza na majivu, na wataalamu wa chakula wamethibitisha kwamba majivu hupunguza nguvu ya tanini. Unga huo wa kimea, amamera kwa Kinyarwanda, hupikwa na kutiwa chachu, ukawa ikigage ya wakubwa. Ubushera, ulio mtamu, huweza kunywewa hata na watoto. Wenye migomba nao huuhitaji, kwani unga wa mtama ndio unaoichachusha juisi ya ndizi ikawa urwagwa.

Zamani kazi ya kusaga ilifanyika juu ya urusyo, jiwe pana la chini, kwa kulisugua na ingasire, jiwe dogo la mkononi. Wanawake walipiga magoti saa nzima kwa unga wa mlo mmoja. Mashine ya kusaga iliwaondolea adha hiyo, ingawa haikumsaidia ndugu wa mtama, ulezi. Taabu ya ulezi iko shambani: magugu yanayofanana nao mno yakiwa machanga, palizi ya vidole, mavuno ya suke kwa suke. Uliliwa kama umutsima, ugali mzito, na ugali wa mihogo ukaichukua nafasi hiyo kwa jasho dogo zaidi. Uji wa watoto nao umehamia kwenye pakiti za Sosoma, mchanganyiko wa soya, mtama na mahindi, na humo ulezi haumo.